Kuchagua moduli ya GPS: maswali ninayoulizwa kila mara hapa Mombasa

Maswali haya nimeyajibu barazani Tudor, nimeyajibu kwa simu, na siku moja nimeyajibu ndani ya feri ya Likoni huku kijana amenishikia bodi yake karibu na pua. Ni yale yale. Nimeyaweka hapa ili anayetaka kuuliza asome kwanza, kisha tukikutana tuzungumzie kilichobaki.

Msimamo wangu nautaja mapema: wengi wanaolalamikia moduli, ile bodi ndogo inayopokea GPS, moduli yao haina kosa. Kosa liko kwenye antena, umeme, au mahali walipoiweka. Kwa hivyo utaniona narudi huko hata ukiwa umeuliza jambo jingine.

Nataka kujua pikipiki yangu iko wapi. Nikinunua moduli ya GPS itanitumia meseji?

Haitatuma chochote. GPS ni msikilizaji tu, kama redio: mtangazaji hakujui wala hajui kama umewasha. Setilaiti ziko juu kilomita 20,200 hivi, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Moduli inasikiliza, inapima kila tangazo limechelewa kiasi gani njiani, kisha inapiga hesabu ya mahali ilipo. Inahitaji setilaiti nne, si tatu, kwa sababu saa iliyo ndani ya moduli ni ya bei nafuu na lazima nayo irekebishwe katika hesabu hiyo hiyo. Haitaki laini, haitaki bando, haitaki mtandao.

Pikipiki ikikwambia ilipo, anayesema ni mwingine: moduli ya simu. SIM800L ni ya 2G, ndogo na rahisi kupatikana. SIM7600 ni ya 4G na bei yake imesimama. SIM808 ina simu na GPS kwenye bodi moja. Ukichagua SIM800L, jua kwamba inapotuma hudai umeme hadi ampia 2 kwa vipindi vifupi mno, na volti zake ni kati ya 3.4 na 4.4. Ukiilisha kwenye pini ya 5V ya Arduino, ile bodi ndogo ya kuandikia programu, itajizima na kujiwasha kutwa nzima, nawe utaanza kulaumu GPS iliyokaa kimya hapo pembeni bila kosa.

Basi ninunue ipi? Nipe jibu moja.

Kama unajifunza, NEO-6M. Kama kitu kitafungwa mahali na kuachwa kifanye kazi, NEO-M8N au ATGM336H.

Sasa sababu. NEO-6M ni ya kampuni ya u-blox ya Uswisi. Ni ya kizamani, inasikia setilaiti za GPS ya Marekani pekee, lakini kila swali utakalokuwa nalo limeshaulizwa na kujibiwa na watu elfu. Bodi yake ya bluu inayouzwa kila mahali, ile inayoitwa GY-NEO6MV2, ina kidhibiti cha volti juu yake, betri ndogo ya kumbukumbu na antena ya kauri ya mraba. Mwanafunzi ukimpa hii, jioni ile ile ataona namba kwenye skrini.

Ubaya wake unauona ukiipeleka Mji wa Kale. Kwenye vichochoro vya Kibokoni anga unayoiona ni mkanda mwembamba kati ya kuta mbili. Ndani ya mkanda ule GPS pekee inaweza kuwa na setilaiti tatu tu, na hiyo haitoshi. NEO-M8N inaweza kusikia hadi mifumo mitatu ya setilaiti kwa wakati mmoja: GPS na Galileo ya Ulaya, pamoja na GLONASS ya Urusi au BeiDou ya China. Mkanda ni ule ule, taa za juu ndizo zimeongezeka. Hiyo ndiyo tofauti unayoilipia, na ndiyo inayonifanya nisihangaike sana na sifa nyingine kwenye karatasi.

ATGM336H ni ya Kichina, inasikia GPS na BeiDou, ni ndogo kuliko NEO-6M, na mara nyingi haipiti bei yake. Mimi ndiyo ninayoipenda kwa kazi ndogo ndogo. Kasoro yake ni kwamba programu ya u-center ya u-blox haiwezi kuirekebisha, kwa hivyo ukitaka kubadilisha mipangilio yake utapambana na maagizo ya peke yake.

NEO-7M ipo pia. Inasikia GPS au GLONASS, moja kwa wakati mmoja. Sioni sababu ya kuitafuta.

Muuzaji ameandika chaneli 50, mwingine chaneli 72. Niende na nyingi?

Usihangaike. Hutapata setilaiti 50 juu ya kichwa chako kwa wakati mmoja kutoka mfumo mmoja. Uliza inasikia mifumo mingapi kwa pamoja.

Imeandikwa usahihi ni mita 2.5. Mbona yangu inaniweka nyumba ya jirani?

Ile mita 2.5 ni kipimo cha anga wazi, na maana yake ni kwamba nusu ya vipimo vitaangukia ndani ya duara la mita 2.5. Nusu nyingine iko nje ya duara, na muuzaji hakudanganya. Kabla ya Mei 2000 mambo yalikuwa mabaya zaidi: Wamarekani walikuwa wakiyavuruga mawimbi ya raia kwa makusudi, na kosa la hadi mita 100 lilikuwa la kawaida. Walipoacha, ndipo vifaa vya watu kama sisi vikaanza kuwa na maana.

Linaloharibu hesabu zaidi hapa mjini ni mwangwi. Wimbi linagonga ukuta, bati au kontena, kisha linafika kwa antena likiwa limechelewa. Moduli inadhani setilaiti iko mbali kuliko ilivyo, nayo inakusogeza. Karibu na malundo ya makontena ya Kilindini nimeona kitone kikirukaruka kama kuku aliyekanyaga makaa, na moduli ile ile niliipeleka Mama Ngina, ukingoni mwa bahari, ikatulia kabisa.

Kuna jambo la pili ambalo wenzetu wa Ulaya hawalijui vizuri. Sisi tuko ukanda wa ikweta, na baada ya jua kuzama tabaka la juu la hewa lenye chaji hujikunja na kuyumbisha mawimbi, hasa miezi ya karibu na Machi na Septemba, na miaka ambayo jua lina machafuko mengi. Ukiona kipimo chako kimeharibika saa mbili usiku na kimepona alfajiri, usikimbilie kubadilisha bodi. Vilevile ukisoma ushauri kwamba uwashe WAAS au EGNOS ili usahihi uongezeke, ujue huduma hizo ni za Amerika Kaskazini na Ulaya. Hapa hazitakupa kitu.

Urefu kutoka usawa wa bahari usiutegemee. Kosa lake huwa kubwa kuliko la upande kwa upande. Tena kuna mtego: baadhi ya programu hutoa urefu uliopimwa kutoka kwenye umbo la hesabu la dunia badala ya maji yenyewe, na pwani yetu hii maji yako chini ya umbo hilo. Utasimama mchangani Nyali, miguu mikavu, kifaa kikwambie uko zaidi ya mita 20 chini ya bahari.

Nimeunganisha kila kitu lakini haishiki setilaiti. Imeharibika?

Hili ndilo swali nambari moja, na karibu kila mara jibu ni "toka nje".

Kijana mmoja wa Kisauni alinijia na moduli tatu, zote "mbovu". Nikamuuliza alizijaribia wapi. Chumbani. Juu ya chumba? Mabati. Tukazitoa barazani, tukaziweka moja moja juu ya kiti cha plastiki zikiwa zimeangalia juu, tukaagiza kahawa. Ya kwanza ilianza kupepesa taa kabla kashata haijaisha. Zote tatu zilikuwa nzima. Alikuwa tayari ameagiza ya nne.

Bati ni chuma, na chuma hakipitishi wimbi la GPS, ambalo hata likifika ni dhaifu mno. Zege lenye nondo nalo ni vivyo hivyo. Makuti makavu hupitisha vizuri. Nyumba za mawe za zamani zenye kuta nene na dari za boriti, dirishani unaweza kubahatisha, katikati ya nyumba hapana.

Halafu kuna subira. Moduli iliyokaa kabatini miezi mingi haijui setilaiti ziko wapi. Taarifa za njia ya setilaiti moja zinachukua kama sekunde 30 kupokelewa, maana setilaiti inazituma polepole, biti 50 kwa sekunde, na wimbi likikatika katikati moduli inaanza upya. Orodha kamili ya setilaiti zote inachukua dakika 12 na nusu. Kwa hivyo mara ya kwanza ipe robo saa, mahali pa wazi, bila kuisogeza. Baada ya hapo, ukiizima na kuiwasha ndani ya saa chache, itashika kwa sekunde, mradi ile betri ndogo ya kumbukumbu iko hai. Kwenye bodi za bei rahisi betri hiyo mara nyingi imekufa kabla haijafika dukani.

Kwenye bodi ya bluu ya NEO-6M taa hukaa kimya mpaka ishike, ndipo ianze kupepesa mara moja kwa sekunde. Bodi nyingine hufanya tofauti, kwa hivyo usiiamini taa peke yake, soma data.

Simu yangu inashika papo hapo hata chumbani. Kwa nini moduli ishindwe?

Simu inadanganya kidogo. Inauliza minara ya simu na Wi-Fi za majirani, na inapakua taarifa za setilaiti kupitia bando lako. Moduli haina wa kumuuliza.

Antena ipi?

Hapa ndipo ningekushauri uweke pesa yako. Ukiwa na shilingi za ziada za kutoka NEO-6M kwenda NEO-M8N, lakini kifaa kitakaa ndani ya gari, afadhali ubaki na NEO-6M na ununue antena nzuri ya nje.

Antena ya kauri, ile ya mraba wa milimita 25, upande wenye kitone cha lehemu katikati ndio unaoangalia mbinguni. Nimeiona imebandikwa kichwa chini mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Inapenda kuwa na bamba la chuma chini yake, hata kipande cha kopo kilichonyooshwa cha sentimita sita au saba, ila kisiguse pini. Haipendi kitu juu yake. Plastiki na faibaglasi hazina neno. Rangi yenye chembe za chuma na tinti ya kioo yenye chuma zina neno.

Antena ya nje yenye sumaku na waya wa mita tatu ina kikuza wimbi ndani yake, kwa hivyo inahitaji umeme kutoka kwa moduli kupitia waya ule ule. Hakikisha bodi yako inautoa. Kuna watu wameongeza waya mrefu kwenye antena isiyo na kikuza, wimbi likafia njiani.

Iweke mbali na antena ya simu, mbali na ESP32 (bodi ndogo kama Arduino) inayorusha Wi-Fi, na mbali kabisa na chaja zile za kuchomeka kwenye kiberiti cha gari. Chaja mbovu hupiga kelele ya redio ambayo hatuisikii, lakini moduli inaisikia. Matatu moja niliyoitengenezea ilikuwa ikipoteza mahali kila dereva alipochaji simu. Tulibadilisha chaja, tatizo likaisha, na dereva hadi leo anadhani nilifanya jambo la ajabu.

Naunganishaje waya? Volti ngapi?

TX (pini ya kutuma) ya moduli inakwenda RX (pini ya kupokea) ya bodi yako, na RX inakwenda TX. Zinapishana. Ukiziunganisha jina kwa jina hutapata kitu.

Chipu yenyewe inataka volti 3.3. Bodi yenye kidhibiti hukubali 5V kwenye pini ya umeme, ila pini ya RX bado ni ya 3.3. Ukitumia Arduino Uno, weka resista ya kilo-omu 1 kutoka TX ya Uno hadi RX ya moduli, na nyingine ya kilo-omu 2 kutoka hapo RX hadi ardhini (pini ya GND): zile 5 zinashuka kuwa 3.3. Usipotaka kuipa amri yoyote moduli, waya huo uache kabisa. Unasikiliza tu, huna haja ya kuongea.

Kwenye Uno usitumie pini 0 na 1, maana ndizo zinazozungumza na kompyuta na programu haitapanda. ESP32 ina bandari tatu za mawasiliano, na wengi hutumia pini 16 na 17. Kasi ya mawasiliano ya kuanzia ni biti 9600 kwa sekunde. Ukiona herufi za kichawi badala ya maandishi, kasi haijalingana.

Naona mistari ya $GPRMC kutoka kwa moduli. Ramani inaniweka Kinango na mimi niko Fort Jesus!

Swali zuri, na jibu lake ni hesabu ya darasa la sita. Tazama mstari huu, nimeukata mkia:

$GPRMC,091530.00,A,0403.77000,S,03940.78000,E

Herufi A maana yake kipimo ni halali. Ukiona V, bado haijashika. Kisha 0403.77 si digrii 4.0377. Ni digrii 4 na dakika 3.77. Dakika zigawe kwa 60: 3.77 kwa 60 ni 0.0628, kwa hivyo ni 4.0628. Vivyo hivyo 03940.78 ni digrii 39 na dakika 40.78, yaani 39.6797. Hapo ndipo uko Fort Jesus. Ulichofanya ni kuhamisha nukta tu, ukapata 39.4078, na hiyo inakupeleka kilomita 30 hivi magharibi, upande wa Kinango kweli.

Na ile S isahau kwa hasara yako. Kusini mwa ikweta namba inakuwa hasi: -4.0628. Ukiacha alama ya kutoa, Fort Jesus inahamia kusini mwa Ethiopia. Mifano mingi ya programu imeandikwa na watu walio kaskazini mwa ikweta ambao hawakuwahi kukutana na tatizo hili.

Maktaba ya TinyGPS++, yaani programu iliyoandikwa tayari, inakufanyia yote hayo. Ila jifunze kuyafanya kwa mkono mara moja. Siku maktaba ikikosea utajua.

Kasi kwenye mstari huo, kama utaisoma, iko kwa maili za baharini kwa saa. Zidisha kwa 1.852 upate kilomita. Manahodha wameipenda, madereva wa tuktuk hawakuipenda.

Saa yake iko nyuma saa tatu.

Si kosa. Inatoa saa ya dunia, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Ongeza 3 upate saa ya Afrika Mashariki. Tarehe nayo uiongeze ukivuka usiku wa manane.

Sasa sikiliza hili, ambalo nililigundua nikitengeneza saa ya ukutani kwa bibi yangu asiyesoma saa ya kizungu. Saa ya Kiswahili ni saa ya Afrika Mashariki ukitoa sita. Kuongeza tatu kisha kutoa sita ni kutoa tatu. Kwa hivyo chukua saa ya setilaiti, toa tatu, na umepata saa yetu. Mstari wa hapo juu unasema 09:15. Toa tatu, ni saa sita na robo mchana. Jibu likipita 12, toa 12. Likiwa sifuri au chini yake, ongeza 12. Bibi aliikagua kwa adhana ya adhuhuri siku tatu mfululizo kabla ya kuikubali.

Ukiona tarehe iko nyuma kwa karibu miaka 20, moduli ni ya kizamani: hesabu ya wiki za GPS hurudi sifuri kila wiki 1,024, na mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019.

Ninunue ya 1 Hz, 5 Hz au 10 Hz?

Kipimo kimoja kwa sekunde kinatosha gari, mashua, mbuzi na mtoto wa shule. Droni na mashindano ya baiskeli, sawa, nenda 5 au 10. Ukipandisha, pandisha na kasi ya mawasiliano pia, la sivyo mistari itasongamana kwenye 9600.

Itanionyesha nimeangalia upande gani?

Ukiwa unatembea, ndiyo. Ukisimama, hapana, maana inajua upande kutokana na mwendo wako tu. Ukitaka upande ukiwa umesimama tafuta bodi yenye dira ndani, kama BN-880. Na ukisimama kabisa utaona kitone kinatangatanga mita kadhaa. Tuktuk iliyolala uani Magongo ilionekana imetembea usiku kucha. Kwenye programu yako, kasi ikiwa chini ya kilomita mbili au tatu kwa saa, ihesabu kuwa sifuri.

Betri itakaa muda gani?

NEO-6M hula miliampia 35 hadi 50. Chukua 45: betri ya miliampia-saa 2,500 inakupa saa 55 hivi kwa moduli pekee. Ukiongeza ESP32 yenye Wi-Fi, muda unayeyuka. Izime moduli ukiwa huihitaji na uache ile pini ya kumbukumbu ikiwa na umeme, itaamka haraka.

Jihadhari na joto. Moduli inavumilia hadi nyuzi 85, lakini betri ya lithiamu haitaki kufika 60, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Mombasa mwezi wa Februari si mahali pa kuiacha. Ficha betri chini ya kiti, antena ndiyo iwe juu.

Nataka kuiweka kwenye mashua. Kuna la kuzingatia?

Lipo, na nililijua kwa kuungua vidole. Ami yangu ana mashua ya uvuvi, na nilimtengenezea kifaa cha kuweka alama ya mahali penye samaki ili apate kurudi pale pale. Anga ya baharini ni neema: hakuna ukuta, hakuna bati, setilaiti tele. Kilifanya kazi vizuri mno kiasi kwamba ami alianza kuwaficha wenzake skrini. Kisha kusi ikaanza kuvuma, na baada ya wiki chache kikazima.

Nilipofungua kisanduku nilikuta mambo mawili. Kwanza, kile kiunganishi kidogo cha antena, cha ukubwa wa punje ya mtama, kilikuwa kimegeuka kijani. Pili, shaba zote karibu na mahali nilipoziba zilikuwa zimeliwa, na huko maji hayakuwa yamefika. Aliyezila ni mimi. Nilikuwa nimeziba kwa silikoni ile inayonuka siki. Harufu ile ni asidi, na ndani ya kisanduku kilichofungwa haina pa kwenda ila kwenye shaba. Nunua silikoni isiyonuka siki. Fungua kifuniko unuse kabla ya kulipa, na muuzaji akikushangaa mwache ashangae.

Siku hizi nafanya hivi. Kiunganishi cha antena nakibana kwanza, najaribu, ndipo nakifunika kwa nje. Bodi naipaka vanishi ya bodi. Ikikosekana, rangi ya kucha isiyo na rangi inafaa, makoti mawili, ukikwepa antena na pini. Kisanduku ni kile cha plastiki cha mafundi umeme chenye mpira kwenye kifuniko, na mashimo ya waya yote yawe upande wa chini. Ndani naweka vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Kifaa cha pili cha ami kimeshapita kusi mbili.

Usikitegemee kama kifaa pekee cha kurudi nyumbani. Ami mwenyewe anasoma nyota na mkondo, na hicho kisanduku anakiita "kijana".

Nitajuaje kama ni feki?

Niliwahi kuagiza NEO-M8N kwa muuzaji wa mtandaoni, ikaja na stika safi kabisa, na ndani ilikuwa inafanya kazi kama NEO-6M. Namna ya kuikamata ni kusoma inachosema. Inayosikia mifumo mingi huanza mistari yake kwa $GN, na orodha za setilaiti zinakuja kwa makundi: $GPGSV ni GPS, $GLGSV ni GLONASS, $GBGSV au $BDGSV ni BeiDou. Ukiona GP tupu hata baada ya kuiruhusu mifumo mingine kwenye u-center, umeuziwa stika. Pia ikiwashwa, u-blox hujitambulisha kwa mistari ya TXT. M8N halisi itataja UBX-M80. Anayenakili anaweza kunakili maneno pia, lakini setilaiti za Urusi hawezi kuzibuni.

Kusema kweli NEO-6M za bei ya kutupa nyingi si halisi, na nyingi zinafanya kazi. Ninunuayo kwa kujifunzia sijali. Ya kazi ya mteja naagiza kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa, hata ikibidi ije kwa basi la usiku kutoka Nairobi.

Nataka usahihi wa sentimita, wa kupima kiwanja.

ZED-F9P inaweza, kosa la sentimita moja na ushei. Lakini inataka kituo cha pili kilichosimama mahali panapojulikana, si mbali sana, kikiitumia masahihisho kila sekunde, na antena ya maana. Moduli peke yake ni ghali. Na hata ukipima vizuri namna gani, mpaka wa shamba Kenya huwekwa na mpima ardhi mwenye leseni. Jirani yako hatakubali Arduino.

Naweza kuiweka kimya kimya kwenye gari la mtu?

Hapana, na usinililie hali. Mahali mtu alipo ni taarifa yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Gari ni lako na umeajiri dereva? Mwambie kuna kifaa, mwandikie. Mume au mke ni wako? Huyo zungumza naye.

Mvua ya masika inaizuia?

Mawingu na mvua havizuii. Lakini yale makuti niliyosema yanapitisha wimbi, yakilowa hupitisha kidogo. Kama kifaa chako kiko chini ya banda la makuti na kimekuwa kizito leo, kisogeze ukingoni, nje ya matone.